Aliyefungua Mlango wa Chumvi

Mume wangu Faustin alikuwa fundi saa, na kama angebaki fundi saa tu, leo ningekuwa ninamkaripia badala ya kusimulia habari zake. Alizaliwa Kasai, upande wa Luluabourg, akaletwa Katanga na baba yake kwa treni akiwa na miaka sita. Alisoma kwa mapadri, akajifunza saa kwa Mgiriki mmoja mjini, kisha akaweka meza yake mbele ya nyumba yetu, mtaa wa Katuba. Watu wa migodini walimletea saa zao kwa sababu alikuwa mvumilivu kupita kiasi. Angeweza kukaa na kigurudumu kimoja tangu asubuhi hadi chakula kinapoa, lenzi jichoni, mdomo wazi kidogo. Ukimwita, hasikii. Hilo nalitaja kwa sababu ndivyo alivyokuwa kwa kila kitu alichokipenda, na alipenda vitu vitatu: saa, mimi, na Bunyeka. Sina hakika kwamba nimevipanga sawa.

Bunyeka ni nchi isiyokuwapo. Ilikuwa ndani ya vijitabu vya karatasi ya kijivu, kurasa kumi na sita, ambavyo Mzungu mmoja mwenye mashine ya kuchapa alivitoa karibu kila mwezi tangu mwaka 1957. Kwenye jalada hakuna jina la mtunzi. Ndani kulikuwa na falme tisa zilizopigana kwa ajili ya chumvi, askari waliopanda pofu, wale swala wakubwa, badala ya farasi, ziwa lililorudi nyuma hatua moja kila mfalme aliposema uongo, na mji mkubwa uliozingirwa miaka tisa, wenye mlango mmoja tu, Mlango wa Chumvi. Mimi nilisoma matoleo mawili nikachoka. Majina mengi mno, na hakuna anayepika.

Faustin hakuchoka. Alivisoma kwa ile lenzi ya saa. Pembeni mwa jalada kulikuwa na vijistari vya mapambo, kila mtu akaviona mapambo, yeye akasema ni herufi. Miezi mitatu alihangaika nazo. Siku alipozifungua alikuja jikoni mbio, akanisomea walichoandika wale watu wa Bunyeka: "Usikunje karatasi hii." Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakucheka. Alisema kwamba sasa tuna alfabeti, na mwenye alfabeti ana nchi.

Jumapili baada ya misa walikusanyika uani kwangu. Adalbert, mwalimu wa shule, ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Mulenga seremala, mtu wa Kilwa ya Katanga, mikono mikubwa na sauti ya kwenda mbali, hakukosa hata mara moja. Wengine walikuja na kwenda. Walikuwa na desturi yao: kiti kimoja kinawekwa katikati, mmoja anakikalia, wengine wanamuuliza. Mfalme wa nne alizikwa wapi? Ni mwendo wa siku ngapi kutoka mlangoni hadi ziwani, na ukiwa na pofu mwenye kilema je? Aliyekaa kitini lazima ajibu kama mtu aliyetoka huko jana. Akiponyokwa na maneno "ni hadithi tu", analipa jagi la munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi. Mimi ndiye niliyepika munkoyo huo, kwa hiyo nilikuwa ninaomba waponyokwe kidogo kidogo.

Toleo la ishirini na tisa lilitoka mwezi wa sita mwaka 1960. Lilikwisha hivi: usiku wa mwisho wa mwaka wa tisa, mkono mmoja kutoka ndani ukasukuma komeo, na Mlango wa Chumvi ukafunguka. Mkono wa nani, haikusemwa. Mwisho wa mwezi huohuo Kongo ikapata uhuru, mwezi uliofuata Katanga ikajitenga, na yule Mzungu akafunga mashine yake akakimbilia Rhodesia. Toleo la thelathini halikuja.

Basi wakabaki na swali. Nani alifungua mlango? Nchi nzima ilikuwa inauliza maswali mengine, ya nani atatawala na nani atakula, lakini uani kwangu liliulizwa hilo moja.

"Ni Nsamba njo alifungula, mama ya mufalme," Faustin alisema. "Angalia toleo ya kumi na moja, ukurasa wa tisa. Mulinzi alikuta chumvi mu makucha yake. Na mama ule hakulaka chumvi miaka tisa! Ile chumvi ilitoka wapi? Ilitoka ku mulango."

"Na vidole sita?" Mulenga akadakia. "Kamata kifuniko ya toleo ya ishirini na mbili, ba Faustin. Hesabu mukono. Moja, mbili, tatu... sita! Nani iko na vidole sita mu Bunyeka yote? Paka Kamoni peke yake, ule mufuaji wa chuma kipofu."

"Mwenye kuchora alikuwa amelewa."

"Bon! Ukishindwa, ni pombe ya mwenye kuchora!"

Walibishana hivyo mwaka mzima na zaidi. Mulenga alikuwa akipita asubuhi na msumeno begani, anasimama njiani tu kupaza sauti: "Kamoni!" Na Faustin, bila kuinua jicho kutoka kwenye saa: "Nsamba!" Ndiyo ilikuwa salamu yao. Hakuna aliyewahi kumwachia mwenzake hata nusu neno. Adalbert alijaribu kuwapatanisha kwa kusema labda walikuwa wawili, wote wakamgeukia kama amewatukana.

Kisha mwaka 1961 ukatugeuza kuwa wageni. Sisi tuliotoka Kasai, tuliozaa Katuba na kuzika Katuba, tukaambiwa turudi kwetu. Watu tuliowatengenezea saa walipita wakitema mate. Adalbert alipigwa njiani akitoka shuleni, akahamia na mke wake kwenye kambi ya wakimbizi, kando ya askari wa Umoja wa Mataifa. Nyumba za barabara ya tatu zikachomwa mchana, watu wakitazama. Nilimwambia Faustin tuondoke. Alikataa wiki mbili. Ana saa za watu mezani, alisema, atawarudishiaje? Nikamwambia wenye saa ndio watakaotuchoma. Alivaa lenzi yake akaendelea. Nilimchukia siku zile, na sioni haya kusema.

Aliyemwondoa hakuwa mimi, alikuwa Mulenga. Alikuja mchana, akiwa amefunga mkononi kitambaa chekundu, alama ya walinzi wa vizuizi. Wanaume wote wenyeji wa mtaa ule walikuwa wamelazimishwa kusimama kwenye kizuizi cha barabara, na aliyekataa alivunjwa mbavu. Hakukaa. Alisema akiwa mlangoni, akinitazama mimi:

"Kesho banakuya ku avenue yenu. Mutoke. Mi niko ku barrière asubuhi mpaka saa sita. Mupite pale wakati niko, nitasema munaenda kuzika muntu. Ba Virginie, musikie miye: musibebe makaratasi. Banatafuta makaratasi."

Baada ya yeye kuondoka nilimtazama mume wangu. Alijua ninachotazama. Kulikuwa na daftari lenye jalada gumu, na humo ndani Bunyeka yote: ramani iliyokunjwa mara nne, orodha ya majeshi, idadi ya walinzi wa kila lango, koo za wafalme, na kurasa nyingi za zile herufi zisizosomeka. Kazi ya miaka minne. Nilimwambia alichome. Akaenda nyuma ya nyumba, nikaona moshi, akarudi na macho mekundu. Nilimwonea huruma. Nilimkumbatia hata, mjinga mimi. Alikuwa amechoma vijitabu. Daftari alilitia ndani ya mfuko wa unga.

Asubuhi tulitoka. Faustin alisukuma baiskeli yenye godoro na mfuko, mimi nikabeba sufuria kichwani na binti yetu Kapinga mgongoni, mwaka mmoja na nusu. Jua lilikuwa limeshawaka. Kwenye kizuizi kulikuwa na magogo mawili, lori bovu, na watu kama kumi na watano, wengine kaki, wengine suruali za nyumbani, wote na silaha ya namna fulani. Mulenga alikuwa hapo kama alivyoahidi. Alitusemea vizuri. Mazishi, alisema, watu wa kanisa, anawajua. Mkubwa wao, waliyemwita Ajida, akatupungia mkono tupite. Kweli kabisa, alishatupungia mkono.

Ni kijana mmoja tu aliyetaka unga. Alichoma mfuko kwa panga apunguze kidogo kwenye kofia yake, panga likagonga jalada.

Ajida alikuwa mtu aliyesoma, na huo ndio ulikuwa msiba wetu. Mtu asiyesoma angelitupa lile daftari mtaroni. Yeye alipangusa unga, akafungua ramani juu ya boneti ya lori, akaisoma polepole kwa kidole. Mito. Njia. "Walinzi mia nne." "Hapa ukuta ni mwembamba." Kisha kurasa za zile herufi. Kisha ukurasa wa mwisho, ambako Faustin alikuwa ameandika kwa herufi kubwa, akapiga mistari mitatu chini yake: NANI ALIFUNGUA MLANGO?

"Mulango gani?" Ajida akauliza.

"Chef, ni hadithi tu," Faustin alisema. Mara ya kwanza maishani nilimsikia akiyasema maneno hayo. "Kintu ya kuchezea. Iko nchi ya uongo."

"Nchi ya uongo iko na askari mia ine? Iko na code? Miye unaniona mutoto?"

Hapo Mulenga akafanya kitu ambacho mimi, ningekuwa yeye, sidhani kama ningefanya. Akatoka kwenye mstari wa wenzake, akasogea mpaka karibu na lori. "Chef, ni kweli. Mi pia nilisomaka ile kitabu. Batu mingi banaijua."

Ajida alimtazama, akatutazama, na nikaona uso wake unafurahi. Alikuwa amepata mchezo. Alisema kama ni hadithi ambayo wote wawili wameisoma, basi watajibu sawasawa. Kama ni siri ya maadui, yule aliyehongwa tu atutetee hataijua, atabuni jibu. Atawauliza mbalimbali, swali hilo hilo la ukurasa wa mwisho.

"Jina moja. Sitaki maneno ingine. Mwenye kuongeza neno ya pili, minapiga risasi palepale." Akamshika Mulenga kwenye bega, akampeleka nyuma ya lori.

Mtu yeyote angejibu kirahisi: chef, hatujawahi kukubaliana. Ndiyo ilikuwa kweli, na kweli hiyo ilihitaji maneno mengi kuliko moja.

Tulibaki tumesimama kando ya baiskeli, kijana mwenye panga akituangalia huku unga umemjaa kidevuni. Faustin alikuwa ananong'ona kwa Kiluba cha Kasai ili yule asielewe. "Nitasema nini? Mulenga ana kichwa kigumu. Mwaka mzima na zaidi hajaniachia."

Na mimi nikamjibu. Nasema hapa kwa sababu sijalisema kwa mtu mwingine. Nilimjibu: "Atasema la kwake, na bunduki iko kichwani mwake. Leo mwachie. Sema la Mulenga."

Alinitazama. Nilidhani atabisha, maana alikuwa mtu wa kubisha. Lakini alitikisa kichwa kukubali, kama mwanafunzi aliyesahihishwa, akamfuta Kapinga pua kwa kidole chake.

Ajida akarudi peke yake. Akasimama karibu sana na mume wangu. "Nani alifungula mulango?"

"Kamoni," Faustin akasema.

Ajida hakukasirika. Alicheka, akaipiga ramani kofi kwa nyuma ya mkono. "Mwenzako alisema ingine." Hakutaja jina, hakuhitaji.

Lakini Faustin alihitaji. Nilimwona akifikiri, mdomo wazi kidogo, kama yuko mezani kwake. Kisha akaelewa. Akanigeukia na uso ambao mpaka leo naukasirikia, kwa sababu ulikuwa uso wa mtu mwenye furaha. "Alisema Nsamba," akaniambia. "Virginie, amesema Nsamba." Alikuwa amekubaliwa. Mwaka mzima na zaidi wa ubishi, na hatimaye Mulenga amekubali, na mume wangu alikuwa na nafasi ya kulifurahia hilo huku wanamshika mikono.

Nilipiga kelele kwamba wamebadilishana, kwamba kila mmoja ametaja jina la mwenzake. Ajida akasema sawa, mama, kila mtu akishasikia jibu anajua jibu. Wakampeleka nyuma ya ukuta wa duka lililofungwa. Risasi ilikuwa moja. Nyuma ya lori Mulenga alikuwa analia kwa sauti, akapigwa kitako cha bunduki mpaka akanyamaza. Walimwacha hai kwa kuwa alikuwa mwenyeji. Walisema alidanganywa na Mkasai.

Mimi niliruhusiwa kuendelea. Godoro walichukua, baiskeli walichukua. Daftari Ajida alilitia ndani ya shati lake, nadhani kwa ajili ya wakubwa wake. Nilitembea mpaka kambini nikiwa na sufuria tupu na mtoto, na njiani sikulia. Nilikuwa ninamtukana Faustin. Nilimtukana njia nzima, kwa jina lake na la baba yake, mpaka mzee mmoja aliyekuwa anatembea mbele yangu akageuka kuniomba nisiseme hivyo juu ya maiti.

Kambini tulikuwa maelfu. Nyumba ilikuwa matawi na shuka, maji yalikuwa foleni. Nilishona nguo za watu kwa mkono, nikatetea mahali pangu kwenye foleni kwa viwiko. Mwezi ulipita, labda zaidi.

Siku moja wakaja kuniambia kuna mtu ukingoni mwa kambi, kule kwenye waya, anauliza mke wa Faustin fundi saa. Nilikwenda na ndoo yangu kwa sababu foleni ya maji ilikuwa upande huohuo. Alikuwa Mulenga. Alikuwa amekonda, na jicho moja lilikuwa halifunguki vizuri tangu kile kitako cha bunduki. Kwa mtu wa kitambaa chekundu kufika pale mchana ilikuwa kutafuta kifo. Vijana wetu walikuwa wameshamwona.

"Ba Virginie," akasema. Akashika waya. "Silali. Minauliza kintu moja tu, kisha nitaenda."

"Uliza."

"Mi nilisema Nsamba. Nilisema mu roho: Faustin hawezi kuacha Nsamba, hata bakimuchinja. Basi mi njo niache. Nilisema jina yake ili tuwe moja." Alipumua. "Ule Ajida alisema tumeachana majina. Lakini alitudanganya, si vile? Faustin alisema Nsamba, sawa na siku zote. Balikuwa banataka kumuua tu. Ulikuwa pale, ulisikia. Uniambie alisema Nsamba."

Nilielewa anachoomba. Alikuwa ametembea toka Katuba kuja kuomba neno moja, jina la mwanamke asiyewahi kuwapo. Kama ningelitoa, angerudi nyumbani akalala. Mtu huyu alitutolea onyo. Mtu huyu alitoka kwenye mstari wa wenzake akasimama karibu na lori. Hayo yote nilikuwa ninayajua pale pale, sikuwa nimesahau hata moja.

"Alisema Kamoni," nikamwambia.

Mikono yake ikabaki kwenye waya.

"Alikuachia," nikasema. "Siku moja tu mu maisha yake alikuachia, na weye siku ileile ukamuachia. Ungesema jina yako, ile ulikuwa unasema kila asubuhi mu barabara, Faustin angekuwa hapa."

"Basi ni miye," Mulenga akasema. "Ni miye nilimuua."

Alikaa chini kwenye vumbi, mtu mzima, mikono mikubwa ile juu ya kichwa. Aliuliza mara nyingi, hakuniuliza mimi, aliiuliza ardhi: kwa nini Faustin, ambaye hakuwahi kumwachia mtu neno, alimwachia yeye siku ile? Nani alimtia wazo hilo? Alilisema hivyo hasa: nani alimtia wazo hilo?

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa pale mdomoni, fupi, na lingemwinua kutoka chini, maana wawili wakiubeba mzigo unabebeka. Mstari wa maji ulianza kusogea. Nikamwambia sijui, nikachukua ndoo yangu, nikaenda kushika nafasi yangu.